Nyimbo Sita, Kiolezo Kimoja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko. Habari ni njema hata hivyo. Danieli, mtayarishaji wa vipindi wa redio ya jamii hapa Lushoto, amepita studio kwangu. Redio inataka nyimbo kumi na mbili za vikundi vya vijijini, zipigwe kuelekea Nane Nane. Mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa ya tarehe 25. Atakayefanya vizuri atapewa kurekodi mashindano ya kwaya za shule mwakani. Nikamwambia asihangaike kutafuta mtu mwingine.

Akasema ameshatafuta. Sita zangu, sita za Kibibi.

Kibibi! Mimi ndiye niliyemfundisha kukunja waya wa maiki. Miaka minne alikaa studio hii akinitazama. Mwaka juzi akafungua yake, ghorofani juu ya duka la dawa, na watu wanapanda ngazi kumfuata. Wimbo mmoja anakaa nao siku mbili. Kila kikundi kikija anaanza upya: maiki hii hapana, ile hapana, wewe kaa hapa, wewe simama pale. Hana mfumo.

Mimi nina mfumo. Unaitwa kiolezo. Umetengeneza wimbo ukapendeza, basi unahifadhi mpangilio wake kwenye programu ya kurekodia: traki zake, yaani mstari wa kila sauti, majina yake, mwangwi wake, viwango vyake vya sauti. Siku nyingine unauita, unapachika sauti mpya, kazi imekwisha. Wimbo wangu bora ni wa kwaya ya Soni, niliourekodi mwaka jana. Huo ndio utakuwa mama wa nyimbo zote sita.

Rahma, mke wangu, anafundisha darasa la tano na hushuku chochote kinachomalizika mapema. Aliuliza kama vikundi vyote sita ni kwaya. Nikamjibu kuwa muziki ni muziki.

Jumanne, 15 Julai

Nimeongeza nguvu. Programu ya akili mnemba, inaingia ndani ya ile ya kurekodia na kufanya unachoiandikia. Kiswahili cha kawaida tu. Inafungua, inapanga, inahifadhi. Nimeiita Katibu, kwa sababu ya adabu yake. Kasoro yake ni moja: anaandika sana. Ukimwomba jambo la mstari mmoja anarudisha barua. Nimejizoeza kusoma mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza huwa "Tayari".

Asubuhi nilifungua nakala ya wimbo wa kwaya ya Soni, nikafuta sauti za waimbaji, zikabaki traki tupu. Nikamwagiza Katibu ahifadhi kiolezo pamoja na kila kilichomo, na awashe kila traki iliyozimwa, nisije nikapoteza kitu. Akajibu Tayari, kisha aya tatu kuhusu traki ya kumi na tatu na kipande fulani.

Sina traki ya kumi na tatu. Skrini yangu inaishia ya kumi na mbili. Chini ya hapo kuna ufa.

Jumatano, 16 Julai

Kikundi cha kwanza. Wanaume kumi na mmoja wa Mlalo, ngoma nne na zumari, kiongozi wao Mzee Shabani. Walitoka kwao alfajiri, ngoma migongoni. Hawajawahi kuingia studio. Nimewarekodi kwa dakika ishirini na tano! Zamani ningepoteza asubuhi nzima kutafuta pa kuweka maiki.

Kisha kiolezo. Ngoma kubwa ikaingia kwenye traki iitwayo Soprano. Zumari ikaingia Besi. Katibu alilitaja jambo hilo kwa heshima, akauliza kama aendelee. Nikasema aendelee, jina la traki halisikiki redioni.

Tukasikiliza mwanzo. Ngoma zilitoka na mwangwi wote wa kanisa la Soni. Mzee Shabani aliinamisha kichwa, akauliza kwa upole kama hiyo ni mvua. Nikamweleza kuwa ni usasa. Akasema sawa, akanishukuru, halafu akauliza kama usasa unaweza kupungua kidogo. Nikamwambia umeshapachikwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya uchunguzi. Duka la dawa liko chini ya studio ya Kibibi na dari yake ni ya mbao. Saa nne nilinunua vidonge vya kichwa. Saa sita nilinunua dawa ya kikohozi. Saa nane nilinunua bendeji.

Matokeo: kwa muda wote huo Kibibi hakurekodi wimbo hata mmoja. Alikuwa na akina mama wanaoimba nyimbo za kutwanga. Aliwachemshia chai. Aliwauliza wakiwa nyumbani kinu hukaa upande gani, na nani husimama wapi. Akasogeza maiki. Akasikiliza. Akasogeza tena. Wakacheka. Wateja wanacheka studio, na saa inakwenda.

Kwangu, Katibu alikuwa anapachika kiolezo kwenye vikundi viwili nilivyorekodi jana, mimi nikiwa bado kwenye foleni ya bendeji. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu.

Jioni Rahma aliniuliza naumwa nini. Muuza dawa alimpigia simu kuulizia hali yangu. Nikasema ni kinga.

Jumapili, 20 Julai

Zote sita, siku tano kabla ya wakati! Wa mwisho walikuwa wachuma chai wa Bumbuli, jana. Rahma alishauri nizisikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kukabidhi. Nikamweleza kwamba mtu akikagua kila kitu basi mfumo ni wa nini. Akarudi kwenye madaftari yake.

Nimempelekea Danieli mwenyewe. Alishangaa. Aliuliza Kibibi amefikia wapi. Nikasema sipendi kumsema vibaya mwenzangu wa kazi, kisha nikaendelea kwa dakika kumi. Danieli akaamua kuanza na zangu kesho, zote sita, kipindi cha asubuhi, kwa kuwa ndizo zilizopo.

Nimenyoa ndevu. Sijui kwa nini, redio haina picha.

Jumatatu, 21 Julai

Studio yangu iko nyuma ya duka la pembejeo. Nilimwomba mwenye duka afungulie redio sauti kubwa. Walikuwapo watu wanne wa mbegu na mmoja wa mbolea.

Wimbo wa Mlalo ukaanza. Ngoma, mwangwi, zumari. Baada ya ubeti wa kwanza, pale waimbaji walipovuta pumzi, ikatoka sauti ya mwanamume, kavu, karibu kabisa na sikio:

"Beatha, punguza."

Nilidhani redio mbili zimeingiliana. Ukaja wimbo wa wafinyanzi, akina mama pekee. "Beatha, punguza." Sekunde ileile. Wimbo wa tatu, mtu wa mbolea aliyasema pamoja nayo. Kufika wa sita duka zima liliitikia, na mwenye duka alilia kwa kucheka.

Sauti niliitambua. Ni Mwalimu Nathanieli, kiongozi wa kwaya ya Soni. Na Beatha namjua: fundi cherehani, mwimbaji wa soprano, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Mwaka jana, katikati ya kurekodi, mwalimu alimwambia hivyo kwenye maiki yake ya kuongozea. Mara moja tu, taratibu. Niliizima traki ile na kuisahau. Ndiyo ya kumi na tatu. Iko nyuma ya ufa.

Nimerudi kusoma barua ya Jumanne, safari hii mpaka mwisho. Katibu aliniarifu kwamba traki hiyo ina kipande cha sekunde mbili cha mtu anayezungumza, kwamba nimeagiza traki zote ziwashwe, na kwamba kipande kitasikika katika kila wimbo nisipomwambia akiondoe. Leo ameniomba radhi kwa usumbufu. Adabu kamili.

Jumanne, 22 Julai

Mji mzima. Wauza kabichi wanaambiana. Kituoni dereva wa basi la Mombo alipiga honi, wapiga debe wakamwambia Beatha, punguza. Rahma anasema darasa lake lilimwambia hivyo mwenzao aliyekuwa akisoma kwa sauti.

Mwalimu Nathanieli alipiga simu. Si mtu wa kugomba, na hakugomba. Alisema lile neno alilisema ndani, kiongozi kwa mwimbaji wake, na sasa limekuwa tangazo. Jana jioni Beatha hakuja mazoezini. Leo asubuhi amerudisha sare ya kwaya. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Miaka ishirini na mitatu ameimba nao. Nikauliza kama alieleza sababu. Mwalimu akasema anadhani sababu ilirushwa mara sita.

Halafu Danieli. Amenipa mpaka Ijumaa nizisafishe. Nikishindwa, zinaondolewa hewani na vikundi vyote anapewa Kibibi.

Nilichukua hatua mara moja. Amri moja kwa Katibu: aondoe sauti ya mwanamume katika nyimbo zote sita na azihifadhi mahali pa zile za zamani. Akajibu Tayari, na barua.

Nikafungua wimbo wa Mlalo. Mwalimu hayupo. Vizuri. Mzee Shabani naye hayupo. Hayupo yeyote. Ngoma nne, zumari, na kimya mahali walipokuwa watu kumi na mmoja.

Nilikaa chini. Niliwafikiria wakishuka kwenye gari na zile ngoma. Chakula cha jioni sikula.

Jumatano, 23 Julai

Rahma hakwenda shule mapema leo. Alileta chai studio, akauliza barua ya jana inasemaje. Nikasema inasema Tayari. Akavuta kiti, akaisoma kama anavyosahihisha insha, kidole juu ya mstari. Aya ya nne: kwa kuwa agizo langu lingefuta na waimbaji wa kiume, Katibu ametenga nakala za nyimbo za awali kwenye folda ya pembeni, iwapo nitazihitaji.

Zipo. Zote sita. Nilipomsikia Mzee Shabani akianza ubeti wake nilitaka kumkumbatia mtu, na mtu aliyekuwapo ni Rahma.

Yale maneno nimeyakata kwa mkono, wimbo mmoja baada ya mwingine. Imechukua dakika kumi na moja. Rahma ndiye aliyetazama saa, sikumwomba.

Nikasema basi, yameisha. Rahma akasema nyimbo zimepona, Beatha je? Nikasema nitamtumia ujumbe, Katibu anaandika radhi nzuri sana. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Nimeahidi kwenda kesho.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeshuka Soni kwa bodaboda, kompyuta mgongoni, utetezi kichwani. Utetezi ulikuwa mzuri: kosa ni la mashine.

Beatha alikuwa kibarazani, kwenye cherehani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea na upindo mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akanitazama. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba. Huwezi kujua sauti ile anaiweka wapi.

Nikaanza. Nikaeleza kiolezo, traki ya kumi na tatu, ufa wa skrini. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mashine yako hainijui, mwanangu," akasema. "Wewe unanijua."

Utetezi ukaishia hapo.

Akasema tangu msichana anaambiwa apunguze. Nyumbani, shuleni, kwaya. Hajawahi kujua anazidisha nini, maana mtu akiimba hajisikii kama wengine wanavyomsikia. Akauliza kama sauti yake imo kwenye ile kompyuta.

Imo. Siku ile nilimpa maiki yake peke yake, mlangoni, mbali na wenzake. Nikafungua wimbo wenyewe. Akaitazama mistari ya rangi, akauliza yeye ni upi. Nikamwonyesha. Akauliza kwa nini kidude cha sauti yake kiko chini kabisa na vya wenzake viko juu.

Nikamwambia ni mimi niliyekishusha. Mwalimu alimwambia apunguze mara moja. Mimi nilimpunguza wimbo mzima, na yeye alikuwa ameketi nyumbani akidhani yumo.

Nikamvalisha hedifoni, nikapandisha kidude chake, nikazima wengine wote. Akafumba macho. Wimbo una dakika nne. Nilikuwa nikiisikia hata mimi, ikivuja pembeni: sauti iliyojaa, iliyonyooka, yenye pumzi ndefu. Mwaka jana sikuisikiliza hata mara moja. Nilikuwa na haraka ya kuishusha.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alivua hedifoni, akaziweka juu ya kitambaa, akasema kama anayenieleza habari za mtu mwingine:

"Huyu hana haja ya kupunguza."

Nikaona nafasi. Nikamshauri arekodi wimbo wake mwenyewe, peke yake, kesho, niupeleke redioni pamoja na zile sita. Akakubali palepale. Nikauliza saa ngapi nimtarajie studio. Akasema saa tatu, kwa Kibibi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimebeba stendi ya maiki mpaka juu. Ngazi kumi na tisa. Kibibi alinipokea kwa shikamoo mwalimu. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Alimkalisha Beatha, akampa chai, akamuuliza huwa anaimba wapi wakati hakuna anayemwambia lolote. Beatha akasema kwenye cherehani. Nikacheka. Kibibi hakucheka. Aliniomba, kwa adabu, niifuate.

Kwa hiyo leo nimepanda kutoka Soni nikiwa nimepakata kichwa cha cherehani kwenye bodaboda, meza yake na pedali zikifuata kwenye nyingine. Watu wa njiani walinipungia mkono.

Kibibi alisogeza maiki mara saba, nilihesabu. Kisha akamwambia Beatha ashone tu, na aimbe ikimjia. Pedali ikaanza. Muda ukapita, upindo mzima, mimi nikikunja waya kwa hasira. Halafu akaimba. Wimbo wa Kishambaa, wa mama anayemngoja mtu kutoka shamba la mbali. Dirisha lilikuwa wazi na Kibibi hakulifunga. Chini, kwenye duka la dawa, sauti za watu zikakatika. Mimi nikaacha waya.

Kidude cha Beatha Kibibi hakukigusa. Alikiacha kilipo, akakunja mikono.

Ulipoisha nikaona Mwalimu Nathanieli amesimama kwenye ngazi na mfuko wenye sare. Alisubiri Beatha anywe maji. Akamwambia kwamba alimwomba apunguze kwa sababu wengine walikuwa hawasikiki, na kwamba miaka yote hiyo alipaswa kuwaambia wengine waongeze. Beatha akauliza Jumapili wanaimba saa ngapi. Akaambiwa. Akachukua mfuko.

"Nitasimama mbele," akasema.

Mwalimu akasema atamwachia nafasi.

Danieli amepokea nyimbo zangu sita na wa Beatha kabla ya saa kumi. Cherehani nimeirudisha mimi.

Jumatatu, 28 Julai

Wimbo wa Beatha umepigwa leo asubuhi, mara mbili, kwa maombi ya wasikilizaji. Nilikuwa kituoni. Wapiga debe walinyamaza. Basi la Mombo lilichelewa kuondoka kwa sababu dereva hakutaka kuzima redio. Mmoja akasema kumbe huyu ndiye Beatha. Nikasema ndiye, namfahamu vizuri, nimefanya naye kazi.

Kazi ya kwaya za shule amepewa Kibibi. Danieli anasema ni kwa sababu ya usikivu wake. Mimi nadhani ni zile ngazi. Mtu akishapanda ngazi kumi na tisa hataki kuambiwa amepanda bure.

Nimekaa nikapima wapi nilikosea. Nimepapata. Nilichelewa. Ningekabidhi nyimbo zile siku ya tatu, zingepigwa kabla kipindi hakijapata wasikilizaji.

Mchana amekuja mfanyabiashara wa viungo kutoka Muheza. Anataka matangazo ya gari lake la mauzo, moja kwa kila kijiji, vijiji arobaini, kila tangazo na siku yake ya gulio na salamu kwa mwenyekiti wake wa kijiji kwa jina. Aliuliza kama wiki mbili zitanitosha. Nikamwambia aje kesho saa tatu. Nikafungua kiolezo, nikapiga picha orodha yake na kumpa Katibu, mteja akiwa bado hajakaa.

Akaanza kunieleza kwamba orodha ni ya zamani kidogo, vijiji vingine vimegawanywa, na kati ya hao wenyeviti kuna watatu wameshafariki.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wote watasalimiwa.